Honda CG125 ya marehemu baba imesimama miaka 14, kiki haishuki. Nivue nusu au nifungue injini yote?

#1 Kijana wa Barabara ya 9
Wakuu salaam. Nimekuja na habari ya chuma chakavu, mnivumilie.

Marehemu baba alikuwa bwana mifugo. Aliacha Honda CG125 ya 1982, ile ya pointi (swichi ndogo ya kuleta cheche) na betri ya volti 6. Tangu 2011 imekaa kwenye banda nyuma ya nyumba hapa Tanga, bahari haiko mbali. Plagi ipo, kabureta ipo, tangi limeliwa na kutu kwa ndani. Kiki haishuki. Nimesimama juu yake na kilo zangu 84, ikanitazama tu.

Wamekuja mafundi wawili. Wa kwanza ni wa kijiwe cha bodaboda, anasema tunavua hedi (kichwa cha injini) na bloku (lenye silinda), tunaweka ringi mpya za pistoni, kesho yake asubuhi inawaka. Laki moja na ishirini, spea juu yangu. Wa pili ni mzee. Aliizunguka, akaigonga gonga kwa kidole, akasema "hii ukifungua nusu utafungua mara mbili," akaondoka hata bei hakutaja.

Nani mkweli hapo? Mimi spana ninazo, muda ninao, ujuzi sina. Nataka nifungue mwenyewe.

#2 Nyanya Chungu
Nimewahi siti ya mbele. Ngoja waje wenye kucha nyeusi.

#3 Bisibisi
Pole na mzee. Kabla hujaisingizia pistoni: iko nyutro? Zile za zamani ukiwa na gia kiki inabeba pikipiki nzima. Halafu kiki yenyewe ina gia zake na springi yake, nayo hunata kivyake. Vua kifuniko cha upande wa magneti (gurudumu la sumaku linalozunguka na injini), weka boksi spana kwenye nati ya magneti, jaribu kuzungusha taratibu kwenda na kurudi. Ukizunguka, shida ni kiki. Ukigoma, shida ni ndani. Na usiingize bomba refu kwenye spana kama unafungua nati ya Scania.

#4 Boda wa Makorora
Mkuu, 120,000 kuvua hedi tu? Huyo amekuona una msiba. Mwambie 40 na chai.

#5 Kijana wa Barabara ya 9
#3 nimefanya hivyo. Iko nyutro, gurudumu la nyuma linazunguka vizuri kabisa. Magneti haitikisiki hata nusu milimita.

#6 Mzee wa Platini
Basi ni pistoni na ringi. Hewa ya Tanga ni maji ya chumvi yanayotembea. Injini ikisimama, mara nyingi kuna valvu moja imebaki wazi. Ikiwa ni ya egzosi, unyevu unaingia kwa bomba la moshi kama mgeni mwenye funguo. Ukuta wa silinda ni chuma, ringi ni chuma, wakikaa pamoja miaka 14 bila oili wanaoana.

#7 Mhandisi Mchovu
Naongezea #6: pistoni ni aluminiamu, silinda ni chuma, katikati kuna maji yenye chumvi. Hiyo ni betri ndogo. Aluminiamu inaliwa na kutoa unga mweupe unaojaza ile nafasi finyu. Ndiyo maana wakati mwingine ringi zinaachia lakini sketi ya pistoni, yaani ubavu wake wa chini, bado imeng'ang'ania.

#8 Dada Spana
Mnaenda mbio. Mleta uzi, iliegeshwa ikiwa nzima au ilikufa ndiyo ikaegeshwa? Hizi ni hadithi mbili tofauti. Nimefanya kazi gereji miaka 11, swali hili huwa ndilo la kwanza na watu huwa hawalijibu.

#9 Kijana wa Barabara ya 9
#8 nimemuuliza mama. Anasema baba alitoka Muheza na madumu mawili ya maziwa, ikapungua nguvu mlimani, ikazima yenyewe, akaisukuma. Siku ya pili iliwaka, akaipeleka bandani akasema "nitaitazama." Hakuitazama.

#10 Dada Spana
Haya. Ilikamata kwa joto kwanza, oili ilikuwa imekwisha au imekuwa lami. Kutu ilikuja kumalizia. Kwenye pistoni utakuta michirizi ya aluminiamu imepakazwa wima upande wa egzosi.

#11 Mzee wa Platini
Lakini dada, siku ya pili iliwaka. Injini iliyokamata kwa joto haiwaki kesho yake kwa hisani.

#12 Dada Spana
Huwaka mzee wangu. Ikipoa pistoni inasinyaa, inaachia. Inawaka ikiwa na majeraha. Nimezipokea nyingi hivyo.

#13 Mwanakwerekwe
Asalaam aleikum. Huku kwetu Unguja mapikipiki yanakufa kwa kuoshwa. Mtu anamwaga maji ya mpira kwenye ekzosi, anaenda zake kulala. Mimi Vespa yangu iliganda miezi mitatu tu, si miaka kumi na nne. Sasa nyie mnaotafuta michirizi, muulizeni kwanza iliegeshwa siku ya kuoshwa?

#14 Nyanya Chungu
Vespa si pikipiki, ni kiti chenye injini.

#15 Mwanakwerekwe
Kiti hicho kilikupeleka wewe Darajani ulipokuja kutembea, ulishukuru sana.

#16 Boda wa Makorora
Dawa ya kuganda ni soda nyeusi. Toa plagi, mimina chupa nzima, lala. Asubuhi piga kiki.

#17 Mhandisi Mchovu
#16 tafadhali. Soda ina asidi ya fosforasi kidogo sana na sukari nyingi sana. Inang'arisha sarafu, kweli. Ndani ya silinda inabaki maji na sukari, yaani umeongeza kutu na gundi. Changanya oili ya gia otomatiki ya gari, ile nyekundu, na asetoni, nusu kwa nusu. Asetoni inaipa oili wembamba wa kupenya. Mimina kwa tundu la plagi, funga plagi isivukize, acha siku tatu au nne, kila siku ongeza kidogo na ujaribu kwa spana.

#18 Shamba la Mawe
Dizeli inatosha, jamani. Sisi Mbulu matrekta yote tumeyafungua kwa dizeli na subira.

#19 Grogan Boy
Niaje wadau, salamu toka Nairobi. Sisi hapa Kirinyaga Road kuna njia ya grisi. Unachukua plagi mzee, unavunja kauri ya ndani, unachomelea nipeli ya kuingizia grisi juu yake, unafunga kwa hedi, halafu unapiga grisi kwa bomba lake. Presha ya grisi inasukuma pistoni polepole, haina kelele wala nyundo. Lakini lazima valvu zote mbili ziwe zimefunga, la sivyo grisi yote inatokea kwa ekzosi kama dawa ya meno.

#20 Bisibisi
#19 hiyo nzuri, na kwa CG kufunga valvu ni rahisi, unalegeza tapeti tu (skrubu ya kurekebisha mwanya wa valvu). Ila kumbuka baada ya hapo atasafisha grisi wiki nzima. Mimi naona kwa kuwa hedi itavuliwa kwa vyovyote, aivue, aloweke kwa juu, aone anachopigana nacho.

Halafu jambo ambalo hakuna aliyelisema: skrubu za vifuniko. Zile nyota za Kijapani si nyota za bisibisi ya dukani. Ukiangalia kichwani utaona kinukta kidogo pembeni ya msalaba. Mkato wake ni tofauti, bisibisi ya kawaida inapanda juu na kulamba kichwa. Tafuta ncha yake, au ile bisibisi ya kupiga kwa nyundo inayojizungusha yenyewe. Piga kwanza, zungusha baadaye.

#21 Kijana wa Barabara ya 9
#20 umechelewa saa mbili. Nimeshalamba tatu.

#22 Bisibisi
😂 Karibu kwenye kazi. Hizo zilizolambwa chukua patasi ndogo kali, ichome kichwa cha skrubu pembeni, igonge kwa kuelekea kufungua. Ukimaliza nunua bolti za kichwa cha alen, usirudishe zile.

#23 Kijana wa Barabara ya 9
Wakuu, siku ya sita leo. Taarifa.

Nilishusha injini kwenye fremu, nikaiweka juu ya tairi bovu ili isiyumbe. Nilipovua ekzosi nilikuta nyigu wa udongo wamejenga humo nyumba ya vyumba vinne, mtaa kamili. Nikavua roka (vile vikono vinavyobonyeza valvu), nikatoa pushi rodi mbili (fimbo zinazosukuma roka), nikazichomeka kwenye kipande cha boksi na kuandika ipi ya hewa na ipi ya moshi (asante aliyenielekeza inboksi). Hedi ilitoka kwa kugonga na gogo.

Pistoni iko katikati ya safari. Juu yake kulikuwa na utepe wa kutu mzunguko mzima, kama alama ya maji ya mafuriko ukutani. Valvu ya egzosi ndiyo ilikuwa wazi, kwa hiyo #6 heshima yako. Nikamwaga dawa ya #17 siku nne. Asetoni nilipata kwa wauza vipodozi, ile safi ya kutolea kucha bandia. Siku ya nne niliweka gogo la mwembe juu ya pistoni, nikagonga pigo moja la wastani, ikashuka! Nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Lakini #10 naye asinune: bloku lilipotoka, upande wa egzosi kwenye sketi kuna michirizi minne ya wima, inashikika kwa ukucha.

#24 Dada Spana
Sinuni. Nimekaa zangu hapa nakunywa chai.

#25 Mzee wa Platini
Michirizi inaweza kutokana na kugongwa ikiwa na kutu. Punje za kutu zinachora pia.

#26 Dada Spana
Mzee, kutu inachora nyembamba na inazunguka kote. Iliyokamata kwa joto inapakaza, inakuwa kama siagi imevutwa kwa kisu, upande wa egzosi maana ndiko kwenye joto. Apige picha kwa karibu.

#27 Boda wa Makorora
Hivi mnajua pikipiki kuna wanaoiita tukutuku?

#28 Shamba la Mawe
Babu zetu wote waliita tukutuku. Pikipiki ni sauti ya injini, tukutuku ni sauti ya injini hiyohiyo ikiwa na silinda mbovu.

#29 Mla Mbilimbi
Nyanda za juu ni toyo, kaka. Bibi yangu hata ikiwa Honda ni toyo.

#30 Bisibisi
Turudi kwenye injini. Mleta uzi, ulipovua bloku uliziba mdomo wa krenkesi (boksi la chini la injini) kwa kitambaa? Kipini cha waya kinachozuia pini ya pistoni kikirukia humo ndani, utaelewa kwa nini mzee alisema kufungua mara mbili.

#31 Kijana wa Barabara ya 9
Niliziba, kwa khanga ya mama. Hajui.

#32 Grogan Boy
Mimi kipini kilirukia ndani 2016. Nilipindua injini, nikatikisa, nikatumia sumaku, nikaomba. Kilitoka siku ya tatu kupitia tundu la kumwagia oili, kumbe kilikuwa juu ya chujio la waya kimelala.

#33 Mhandisi Mchovu
Sasa swali la uzi lenyewe: nusu au yote. Shika konrodi (fimbo inayobeba pistoni), ifikishe juu kabisa, ivute juu na uisukume chini bila kuizungusha. Ikicheza wima hata kidogo ukasikia "tik", beringi ya chini imekwisha na krenki (mhimili unaozungushwa na konrodi) inatoka. Ikicheza kidogo kushoto na kulia si tatizo, imepewa nafasi hiyo kiwandani. Usichanganye hizo mbili.

Halafu fungua kifuniko cha upande wa klachi. Mwisho wa krenki kuna kikombe cha duara chenye kifuniko cha skrubu tatu. Hilo ndilo chujio la oili. Halina karatasi, linazunguka na krenki, uchafu unatupwa pembeni kwa nguvu ya mzunguko na kuganda ukutani. Watu wanamwaga oili miaka 20 bila kulifungua hata siku moja.

#34 Kijana wa Barabara ya 9
#33 konrodi haichezi wima kabisa. Pembeni inacheza kidogo.

Kikombe nimekifungua. Ndani kuna kitu kama ugali wa mtama uliolala siku mbili, mweusi, unakatika kwa kisu. Nimekwangua na kuosha kwa petroli. Kile kikombe chenyewe sikukitoa, kina nati ya duara yenye mikato minne na sina spana yake. Fundi wa kijiweni alisema atoe kwa patasi, nikakataa.

#35 Bisibisi
Ulikataa vizuri. Krenki hii ni vipande vilivyoshindiliwa kwa presi, si chuma kimoja. Ukiipiga nyundo ncha moja unaweza kuipinda bila kuona. Hata magneti usiitoe kwa nyundo, tafuta pula yake.

#36 Mzee wa Platini
Ugali huo ndio jibu la #9. Oili haikubadilishwa, ikawa lami, injini ikapata joto.

Na CG ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa aina hiyo hiyo. Kabla yake Honda walikuwa na CB125 yenye kamshafti (mhimili wa nundu zinazofungua valvu) juu kwenye hedi. Katika nchi ambako watu hawabadilishi oili, kamshafti ya juu ilikuwa inakufa mapema, maana ndiyo iko mbali na oili. Kwa CG wakairudisha kamshafti chini, inaendeshwa kwa gia si kwa cheni, ina nundu moja tu inayosukuma valvu zote mbili kwa zamu, kupitia pushi rodi. Cheni ya gurudumu wakaifungia kwenye boksi zima. Wajapani walituheshimu, au walitudharau, amua mwenyewe.

#37 Nyanya Chungu
Walitujua.

#38 Leicester Mswahili
Wakuu, huku Uingereza CG125 ilikuwa pikipiki ya wanaojifunza, maana tangu 1983 mwanafunzi haruhusiwi kuzidi 125cc. Vijana walizitesa kuliko bodaboda. Spea za zamani bado zinaonekana kwenye magulio ya Jumapili. Gasketi seti naweza kukutumia kwa mtu anayekuja.

#39 Boda wa Makorora
Ya nini? Sanlg yangu ya Kichina ni injini ileile. Pistoni ya Mchina anaingiza, gasketi ya Mchina anaingiza, Kariakoo zimejaa.

#40 Mhandisi Mchovu
#39 nusu kweli. Wachina walinakili CG, na injini zao zimeandikwa 156FMI: 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita, F ni kupozwa na hewa, M ni pikipiki, I ni daraja la 125. Ya 150 ni 162FMJ, upana 62, hiyo haitamwingia. CG ya baba yake ni upana 56.5 kwa safari ya pistoni 49.5, inatoa cc 124. Ila viwanda ni vingi na kila kimoja kina mkono wake. Apime pini, apime urefu kutoka pini hadi juu ya pistoni, alinganishe na yake ya zamani palepale dukani. Asiende na jina, aende na pistoni mfukoni.

#41 Dada Spana
Na anunue pistoni KWANZA, ndipo bloku iende kwa fundi wa kerezo. Silinda inachongwa kufuata pistoni iliyo mkononi. Michirizi ya ukucha, pamoja na kutu, kupanua milimita 0.25 hakutaondoa. Nenda 0.50. Na mwambie akimaliza kuchonga apitishe jiwe la kukwaruza, ukuta uwe na mistari ya kukatana, oili ikae humo. Ukuta unaong'aa kama kioo ni mzuri kwa kujitazama tu.

#42 Shamba la Mawe
Na valvu?

#43 Dada Spana
Zisagwe kwa paste na kile kijiti chenye mpira. Ukimaliza pindua hedi, mimina petroli kwenye njia ya hewa na ya moshi, subiri dakika tano. Ikivuja chini ya valvu, rudia.

#44 Mla Mbilimbi
Swali la mjinga: injini ya 1982 ilizoea petroli yenye risasi. Sasa hivi hakuna. Viti vya valvu havitaliwa?

#45 Mzee wa Platini
Si la kijinga. Risasi ilikuwa inalainisha kiti cha valvu. Afrika kusini mwa Sahara iliiacha kufikia mwanzo wa 2006, Algeria wakawa wa mwisho duniani 2021. Injini za zamani za Kiingereza ziliumia kweli.

#46 Bisibisi
Za Kiingereza. Hii ya baba yake ilitembea 2006 mpaka 2011 bila risasi, na #23 anasema alikuta kutu, hakusema kiti kimezama. Nina mashaka na hofu hiyo kwa Honda.

#47 Mzee wa Platini
Mashaka ni haki yako. Mimi huwa naweka kijiko cha oili ya tu-stroku kwenye tangi.

#48 Mhandisi Mchovu
Kijiko cha oili hakifanyi kazi ya risasi, mzee, kinatoa moshi tu.

#49 Mwanakwerekwe
Vespa za zamani hazina matatizo hayo. Hazina valvu za namna hiyo.

#50 Kijana wa Barabara ya 9
Wakuu nimerudi, wiki tatu sasa. Pistoni ya 0.50 niliipata Gerezani Dar, duka la nne. Pini iliingia sawasawa. Fundi wa kerezo alinipa bloku siku ya pili, mistari ya kukatana ipo. Pistoni nimeiweka alama ya IN upande wa kabureta, herufi za ringi zikitazama juu, midomo ya ringi nimeitawanya isikae mstari mmoja. Vipini vya pini vipya. Gasketi zilitoka kwa #38, Mungu akubariki. Nati za hedi nilikaza kwa msalaba, kidogo kidogo mara tatu.

Mwanya wa tapeti kitabu kinasema milimita 0.08 ikiwa baridi. Fila geji yangu (vibamba vya kupimia mwanya) inaanzia 0.10. Fundi wa kijiweni akaniambia weka karatasi ya pakiti ya sigara.

#51 Mhandisi Mchovu
Hata karatasi ya fotokopi ni karibu 0.10. Ya sigara sijui ya kampuni gani na imekunjwa mara ngapi. Azima fila geji.

#52 Kijana wa Barabara ya 9
Niliazima. Pointi nimeweka 0.35, alama ya F (ya wakati wa cheche) imekaa mkabala zinapofunguka. Oili 20W-50, karibu lita moja.

Jana saa kumi na moja jioni, kiki ya saba, IKAWAKA. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni. Hakusema neno, akarudi ndani.

Moshi wa bluu ulitoka dakika kumi hivi, ukaisha. Lakini ikishapata moto inaanza kugonga: tak-tak-tak-tak. Ikiwa baridi hakuna. Iko nyutro, silensa ya chini, yaani inanguruma yenyewe bila kuvutwa mafuta. Ukipandisha mafuta kelele inapotea.

#53 Boda wa Makorora
Hongera sana mkuu! Hiyo ni tapeti, kaza.

#54 Dada Spana
Usikaze! Tapeti iliyolegea ingelia hata ikiwa baridi. Ukikaza chini ya 0.08, valvu inaweza isifunge vizuri ikipata moto, ikaungua. Hongera lakini.

#55 Mzee wa Platini
CG zote zinalia. Nundu moja, vifuata viwili, pushi rodi mbili, kuna mahali pengi pa kugonga. Ya kwangu ya 1979 ilikuwa inaimba.

#56 Mhandisi Mchovu
Kuimba sawa, ila yake imeanza kwa joto. Nashuku beringi ya juu ya konrodi na pini. Oili ikiwa nzito inaficha, ikiwa nyepesi inaonyesha.

#57 Grogan Boy
Au fundi wa kerezo alichonga kubwa, pistoni inatandika ukuta. Nafasi ni ngapi?

#58 Dada Spana
Pistoni inayotandika hulia ikiwa baridi, ikipanuka inanyamaza. Yake ni kinyume. Mnanichosha.

#59 Mla Mbilimbi
Oili je? 20W-50 ya gari au ya pikipiki? Klachi inaogelea humo humo. Tafuta yenye JASO MA kwenye kopo, alama ya oili ya pikipiki zenye klachi kama hiyo. Zile za gari za kupunguza msuguano zinafanya klachi iteleze.

#60 Bisibisi
Klachi kuteleza si kugonga, lakini umenikumbusha kitu. Mleta uzi, ikiwa inagonga, bana klachi. Kelele inabadilika?

#61 Kijana wa Barabara ya 9
Nimetoka kujaribu. Nikibana inapungua, karibu yote. Nikiachia inarudi.

#62 Bisibisi
Kikapu cha klachi. Kile kikapu kina springi na riveti nyuma, zikilegea kinacheza kwenye gia yake kwenye mzunguko wa chini. Uliwahi kukitikisa kwa mkono ulipofungua ule upande?

#63 Kijana wa Barabara ya 9
Sikukigusa. Nilikwangua ugali nikafunga.

#64 Mhandisi Mchovu
Inaweza pia kuwa beringi ya shafti ya gia. Ukibana klachi shafti ya juu inasimama kuzunguka, kelele inakatika vilevile. Na hiyo iko ndani, krenkesi ipasuliwe mbili.

#65 Mzee wa Platini
Au CG zote zinalia.

#66 Nyanya Chungu
Yule mzee aliyegonga kwa kidole akaondoka, namba yake mnayo?

#67 Kijana wa Barabara ya 9
#66 nilimfuata leo Mabawa. Nikamweleza. Akauliza, "umefungua mara ngapi?" Nikamwambia moja. Akaendelea kunywa kahawa yake.

Jumamosi namwaga oili, nafungua upande wa klachi. Nahitaji ile spana ya nati ya mikato minne. Nani anayo hapa Tanga?

#68 Bisibisi
Kwanza weka kidole kwenye oili utakayomwaga, ipitishe kwenye mwanga. Ukiona unga unaong'aa, #64 ana hoja.

#69 Chumbageni Kimya
Huwa nasoma tu sichangii. Spana hiyo ninayo, nilichongesha mwenyewe kwa bomba la inchi moja. Njoo inboksi. Ila uniachie kitu, ya kwanza nilimwazima mtu 2019 na bado yuko njiani.